Kasongo: Mgeni anayejua kopo hula vizuri, na jirani yake pia

KASONGO – Mwalimu aliyehamishwa kutoka Kindu, muuguzi aliyetumwa kwa miezi mitatu, mhandisi wa barabara, mtumishi wa shirika la misaada: wote wanaofika Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, hupata kitanda haraka kuliko wanavyopata chakula wanachokitaka. Supamaketi za aina ya Kinshasa au Lubumbashi hazipo. Nyumba nyingi hazina umeme wa kuendesha friji. Chakula cha leo hununuliwa leo, na hununuliwa sokoni, kwa mama fulani mwenye beseni lake, kopo lake na bei yake.

Kosa la kwanza la mgeni ni kwenda sokoni saa nne asubuhi, peke yake, akiwa na noti ya dola ishirini mkononi. Kufikia saa hizo samaki wazuri wameshaondoka. Kwa kuwa yuko peke yake, hana wa kumnong'oneza kwamba bei ya jana haikuwa hiyo. Na ile noti, hata kama ni safi, hakuna muuzaji wa mboga mwenye chenji yake. Atarudi nyumbani na nyanya tatu, mkate, na kopo la samaki lililosafiri kutoka bara lingine, huku jirani yake akiteremsha chungu cha sombe iliyoiva kwa mawese.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini katika mji ambao kipato cha watu wengi huingia na kutoka siku hiyohiyo, mkoba wa mgeni una uzito. Wageni kumi wakilipa bei ya kwanza bila neno kwa wiki mbili, bei hiyo huzoeleka. Mgeni hatahisi kitu. Atakayehisi ni mama wa nyumba ya pili, ambaye hununua kopo moja la mchele kwa watoto watano.

Kopo ndiyo mizani

Mizani ya kilo si ya kila meza katika masoko ya Kasongo. Mchele, maharage, karanga, unga wa mihogo na chumvi hupimwa kwa kopo, mara nyingi kopo tupu la maziwa ya unga au la nyanya. Mawese huuzwa kwa chupa, au kwa bidoni kwa mwenye uwezo. Mboga za majani hufungwa kwa fungu. Nyanya, pilipili na vitunguu hupangwa mafungu madogo juu ya gunia. Ndizi huenda kwa mkungu au kwa kichane, na makala ya kupikia kwa gunia au kwa ndoo.

Kwa hiyo swali la mtu anayejua soko si «kilo ni bei gani?» bali «kopo ni bei gani?», na kabla hajajibiwa jicho lake limeshalipima kopo lenyewe. Makopo yanayofanana kwa jina hayafanani kwa ujazo. Kopo lililobonyezwa chini hupunguza konzi nzima ya mchele. Kuna kopo la kusawazishwa kwa mkono na kuna kopo la kilima, yaani lile linalojazwa hadi punje zianze kumwagika pembeni. Bei ya chini kwa kopo la kusawazishwa inaweza kuwa ghali kuliko bei ya juu kwa kopo la kilima. Akina mama wa mji hufanya hesabu hiyo wakitembea, bila kusimama.

Baada ya bei kukubaliwa huja sehemu ambayo wageni wengi huikosa: nyongeza, ambayo wazee wengine bado huiita matabishi. Muuzaji hutia konzi moja juu ya mchele uliokwisha pimwa, au pilipili mbili juu ya fungu la nyanya. Nyongeza huombwa kwa tabasamu, na huombwa mwishoni. Anayeiomba kabla ya kukubali bei huonekana hajui anachofanya.

Ni hapa adabu inapotangulia hesabu. Mtu hafiki mezani akauliza bei kama anayeuliza saa. Husalimu kwanza: jambo mama, habari ya asubuhi, habari ya nyumbani, watoto wameamka? Muuzaji mwenye umri wa mama huitwa mama hata kama mteja ni bosi wa ofisi yake. Aliye rika huitwa dada au kaka. Salamu huchukua nusu dakika, na ndani ya nusu dakika hiyo muuzaji ameshaamua kama mbele yake kuna mpita njia au mtu atakayerudi kesho.

Katika masoko ya Italia mgeni huonywa asiguse tunda, amwache muuzaji amchagulie. Kasongo mambo ni mengine. Mnunuzi asiyeshika mhogo, asiyenusa samaki wala kumwaga punje chache za mchele kiganjani, huonekana ama ni tajiri ama ni mtoto aliyetumwa.

Ya karibu rahisi, ya mbali ghali

Mwenye kutaka kuelewa bei za Kasongo aanze na ramani. Kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, hadi Kasongo ni yapata kilomita 240 za barabara ambayo mvua huigeuza matope. Reli inayotoka Lubumbashi kupitia Kongolo hadi Kindu ipo, lakini inapita magharibi mwa mto Lualaba, na Kasongo iko mashariki. Mzigo unaoshushwa kituo cha Samba bado unahitaji barabara na kivuko kabla ya kufika mjini. Na treni zenyewe hazina ratiba ya kuaminika.

Matokeo yake yanaonekana kwenye meza za soko. Kila kinachotoka umbali wa kutembea ni cha bei nafuu: mihogo, mchele, karanga, ndizi, mawese, sombe, lengalenga, matembele, mapapai. Kila kilichopanda lori, pikipiki au baiskeli ya mizigo kutoka mbali kimebeba gharama ya safari hiyo: chumvi, sukari, sabuni, unga wa ngano, mafuta ya kupikia ya viwandani, vitunguu vikubwa, maziwa ya unga. Baiskeli inayosukumwa kwa siku kadhaa ikiwa na magunia mawili au matatu haina injini, lakini mtu anayeisukuma anakula njiani, analala njiani, na hulipa kwenye vizuizi kadhaa. Yote hayo yamo ndani ya kijiko cha sukari.

Barabara hiyohiyo huumiza upande wa pili pia, na jambo hili wageni hawalioni. Mkulima mwenye magunia ya mpunga kijijini hana njia ya kuyafikisha kwenye mji wenye fedha. Huyauza kwa mfanyabiashara aliyemfuata, kwa bei ya mfanyabiashara, kisha hutumia fedha hizo kununua chumvi na sabuni kwa bei ya barabara. Anapunjika akiuza, anapunjika akinunua.

Hali iliongezeka ugumu mwaka 2025. Kindu ilikuwa ikipokea bidhaa kwa ndege kutoka Goma. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari mwaka huo, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na Bukavu ilifuata Februari. Njia za mashariki zilipobana, bidhaa za viwandani zililazimika kutafuta mzunguko mwingine. Anayeshangaa kwa nini kipande cha sabuni kimepanda wakati mhogo uko palepale, jibu lake liko huko, si kwa mama anayeuza.

Mchele wa hapa na mihogo ya kunusa

Chakula cha kwanza cha mgeni mwenye akili Kasongo ni mchele wa hapahapa. Uliingia na misafara ya Waungwana na Waarabu waliotoka pwani katika karne ya 19, wakati Kasongo na Nyangwe zilipokuwa vituo vikubwa vya akina Tippu Tip, na haujaondoka tangu hapo. Utawala wa Wabelgiji uliupanua, mara nyingi kwa amri, na hadi leo kusini mwa Maniema hula wali kwa wingi kuliko sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, ambako bukari ndiyo mfalme wa sahani.

Ni mpunga wa nchi kavu, unaopandwa mvua zikianza na kuvunwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo kopo la Machi na kopo la Oktoba si ndugu. Baada ya mavuno mchele ni mwingi na bei hulegea. Kadiri ghala zinavyopungua ndivyo kopo linavyopanda. Mchele mpya hutaka maji machache na hushikana haraka. Wa zamani huvimba na kushibisha zaidi, ndiyo maana mama mwenye watoto wengi huuliza kwanza ni wa msimu gani. Uliotwangwa kwa kinu hubaki na wekundu kidogo na ladha; wa mashine ni mweupe zaidi, ila mashine mbovu huuvunja na kuacha chenga. Wote wawili hutaka ungo. Asiyepepeta na kuchambua atakutana na jiwe, na daktari wa meno hayuko karibu.

Mihogo inahitaji umakini zaidi, na hapa si suala la ladha tu. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na hulowekwa majini siku kadhaa kabla ya kuanikwa ili sumu itoke. Njaa au haraka ya kuuza ikimfanya mtu apunguze siku za kuloweka, sumu hubaki. Katika Kongo ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usioponyeka, umehusishwa na mihogo ya namna hiyo inapoliwa mfululizo bila vyakula vyenye protini. Uliandikwa na daktari kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, magharibi mwa nchi. Vipande vizuri vya mhogo mkavu ni vyeupe, vyepesi, huvunjika kwa mlio, na harufu yake ya kuchachuka ni ya wastani. Vyenye madoa meusi ya ukungu huachwa hata vikiwa nusu ya bei. Wenyeji wengi hununua vipande na kuvisaga wenyewe, kwa sababu ndani ya unga huwezi kuona kitu.

Sombe nayo, majani ya mhogo, huuzwa mabichi au yaliyokwisha twangwa. Iliyotwangwa huokoa muda lakini huharibika jioni hiyohiyo. Huchemshwa muda mrefu bila kufunikwa kabla ya kutiwa mawese, na aliyezoea mchicha wa dakika tano avumilie.

Kwa mawese, akina mama hutazama rangi na kunusa. Mazuri ni mekundu yaliyokolea na yana harufu ya tunda. Yenye harufu kali inayokwaruza koo yamekaa. Yaliyochanganywa maji hujitangaza yenyewe yakifika kwenye sufuria ya moto: hupiga kelele na kurusha matone. Ndiyo maana muuzaji wa mawese ni mtu wa kudumu naye. Ukimpata mwaminifu, humwachi.

Samaki ni hadithi ya saa na umbali. Mji wa Kasongo haupo ukingoni mwa Lualaba, hivyo kambale na wenzake wanaovuliwa na Wagenya, wavuvi wa mto huo tangu enzi, hupanda baiskeli au pikipiki kabla ya kufika sokoni. Jicho la samaki liwe angavu, shavu liwe jekundu. Baada ya hapo ni afadhali samaki wa moshi, ambaye angalau hafichi umri wake. Dagaa wa ziwa Tanganyika, ambao huku huitwa ndagala, hufika kutoka mashariki, na hupungua kila njia ya Fizi inapochafuka.

Nyama ya ng'ombe si ya kila siku. Mbuzi na kuku ni wa kawaida zaidi, na kuku hununuliwa hai, miguu imefungwa. Kasongo ina jamii kubwa ya Waislamu, kwa hiyo nani amechinja ni swali la heshima ambalo mgeni anayealika watu nyumbani anapaswa kulifikiria mapema. Kalenda pia hubadilika kwa ajili hiyo: Ijumaa mchana meza nyingi hubaki bila wenyewe kwa muda wa sala, Jumapili asubuhi kengele za misa huchelewesha wengine, na mwezi wa Ramadhani soko lenye uhai ni la alasiri, sukari ikiwa juu.

Nyama ya pori iliyokaushwa ipo, na mgeni ataipatiwa. Wanyama wengine, kama sokwe na kakakuona, wanalindwa na sheria. Halafu kuna suala la afya: mpox, iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, imeikumba Kongo kwa nguvu, na kushika au kuchuna mnyama wa porini aliyeambukizwa ni njia mojawapo ya kuipata. Kukataa kwa upole hakumkasirishi mtu.

Ugomvi wa kuku mmoja

Soko maarufu kuliko yote katika historia ya eneo hili lilikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, ndani ya wilaya ya leo ya Kasongo. Mmisionari David Livingstone alifika huko mwishoni mwa Machi 1871. Alipenda kukaa na kutazama. Wauzaji wengi walikuwa wanawake, waliovuka mto kwa mitumbwi na kutoka vijiji vya mbali, wakiwa na samaki, vyungu, mihogo, chumvi, mawese, kuku. Walibadilishana mali kwa mali, wakicheka na kubishana. Vijiji vyao vilikuwa na uhasama mara kwa mara, lakini siku ya soko mwanamke mwenye mzigo kichwani alipita.

Tarehe 15 Julai 1871 hilo lilivunjika. Wafuasi watatu wa mfanyabiashara aliyeitwa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, jambo ambalo halikuwa kawaida. Kwa maelezo ya Livingstone, mmoja wao alianza kubishania bei ya kuku, akamng'ang'ania. Kisha risasi zikapigwa katikati ya umati wa watu wapatao 1,500. Wengi waliuawa hapo hapo, wengine wakazama wakikimbilia mitumbwi iliyobanana kwenye kijito. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipochapishwa Uingereza zilichangia shinikizo lililomfanya Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873.

Wanahistoria hawasemi mauaji yale yalisababishwa na kuku. Yalikuwa ni ya kutisha watu, katika nchi ambayo vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikichomwa moto siku hizohizo. Lakini kuku huyo hasahauliki. Mtu mwenye nguvu aliingia mahali ambapo bei huamuliwa kwa maneno, akakataa maneno.

Noti iliyochanika na ushanga usiotakiwa

Fedha ya soko ni faranga ya Kongo. Dola ya Marekani inakubalika kwa vitu vikubwa: kodi ya nyumba, bidoni za mawese, gunia zima. Kwa mboga, hapana. Mgeni hubadili dola kwa wabadili pesa, huuliza kiwango kwa watu wawili au watatu, na huomba noti za 500 na 1,000 kwa wingi. Noti ya 20,000 mbele ya muuzaji wa pilipili ni kero.

Kuna ajabu moja inayowachanganya wanaotoka nje ya nchi. Noti ya faranga iliyofifia, iliyobandikwa kwa karatasi ya gundi, hupita bila swali. Noti ya dola yenye mchaniko wa nusu sentimita hukataliwa. Ni hivyo kote Kongo, na kubishana hakusaidii. Wasafiri wa karne ya 19 walilalamikia jambo la namna hiyo: walibeba mizigo ya shanga kutoka pwani, wakafika mahali na kukuta rangi waliyobeba haitakiwi, hata kama mji uliotangulia waliigombania. Anayepokea ndiye huamua fedha ni ipi.

Ukikaa zaidi ya mwezi, njia ya tatu hufunguka, nayo ni deni. Mama uliyezoea kununua kwake hukuambia uchukue leo, ulipe kesho. Ni dalili kwamba umehesabiwa mtu wa hapa. Ni mtego pia, maana muuzaji huyo mwenyewe amechukua mzigo kwa deni, na ushuru wa soko haumngojei. Mgeni anayeondoka ghafla na gari la ofisi akaacha deni la makopo manne ya maharage huacha pengo kubwa kuliko anavyodhani.

Swali la kuvutana bei lina pande mbili. Kulipa bei ya kwanza kimya kimya kunawapandishia wengine. Lakini kukomaa kwa dakika kumi juu ya faranga mia mbili, mbele ya mama aliyetembea tangu alfajiri na furushi la sombe kichwani, si ujanja. Wenyeji huvutana kwenye gunia na bidoni. Kwenye fungu la mboga huomba nyongeza, wakashukuru, wakaenda.

Baya zaidi ni kununua vyote. Msafara wa magari ukipita asubuhi na kuchukua kuku wote na samaki wote kwa ajili ya semina ya siku tatu, siku hiyo mji hauna kuku wala samaki. Mashirika yanayopanga kugawa fedha kwa familia badala ya chakula hulijua hili: huanza kwa kupima kama soko lina mzigo wa kutosha, kwa sababu fedha nyingi juu ya mzigo mdogo huzaa bei, hazizai chakula. Ila wafanyakazi haohao wakitoka kununua chakula cha ofisi, wengine huisahau hesabu hiyo.

Kabambare, dhahabu na mihogo

Mashariki mwa Kasongo, kuelekea ziwa Tanganyika, iko Kabambare, kituo cha zamani kwenye njia ya misafara kutoka Ujiji. Livingstone, aliyeiandika kama Bambarre, alikaa huko miezi mingi kati ya 1869 na 1871, miguu ikiwa na vidonda, akila kile ambacho wenyeji walikula. Ni nchi ya Wabangubangu, wakulima.

Soko la Kabambare ni dogo na linategemea usalama kuliko la Kasongo. Wilaya hii ina dhahabu. Kampuni ya Banro ya Canada ilianza uzalishaji wa kibiashara katika mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, mwaka 2016, na kuusimamisha mwaka 2019 baada ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi. Makundi ya Mai-Mai, likiwemo la Malaika, yalipigana na jeshi katika eneo hilo, na maelfu ya watu walihama makwao. Wachimbaji wadogo wamebaki wakichimba.

Dhahabu hubadilisha soko kwa namna mbili. Mchimbaji aliyepata hulipa bila kuuliza. Na kijana aliyeingia shimoni hakuingia shambani, kwa hiyo chakula kinapungua wakati fedha inaongezeka. Familia iliyokimbia kijiji chake haina shamba wala dhahabu. Hununua mhogo kwa bei ya mchimbaji, kwa kipato cha kibarua cha kulima shamba la mtu mwingine, na kibarua hicho pengine hulipwa kwa mihogo.

Mgeni anayelala Kabambare siku chache hana sababu ya kuingia kwenye ushindani huo kwa bidhaa za shambani. Wanaoijua njia, kabla ya kuondoka Kasongo, huwauliza wenyeji wao kimepungua nini. Jibu mara nyingi ni lilelile: chumvi, sabuni, sukari, kiberiti, vile vya mbali. Hivyo ndivyo hufungwa nyuma ya pikipiki, na hukabidhiwa mama wa nyumba jioni ya kwanza, baada ya salamu, bila hotuba.

Asubuhi inayofuata mama huyo huchukua kikapu na kumwita mgeni waende sokoni. Siku ya kwanza mgeni hubeba kikapu na kunyamaza. Siku ya pili huambiwa ashike mhogo, aunuse. Siku ya tatu mama husimama kando, akijifanya anaongea na muuzaji wa karanga, amsikilize mgeni akiuliza kopo ni bei gani.